Tatizo si Sikio la Mzee, ni Ukumbi

"Je, unapinga ombi hili?" hakimu aliuliza.

"Ndiyo, Mheshimiwa," baba akajibu, na karani akaandika.

Shangazi yangu, mwenye ombi, aligeuka akamtazama kaka yake kana kwamba hamjui. Ilikuwa kesi ya mirathi ya shamba la babu, katika mahakama moja hapa jijini Nairobi, na baba alikuwa amekuja kumuunga mkono dada yake. Alikuwa amevaa mashine zake za masikio, zote mbili. Betri nilimbadilishia mwenyewe asubuhi hiyo: nikabandua kile kibandiko cha rangi ya machungwa, nikazingoja dakika moja zivute hewa, ndipo nikazifungia ndani. Hakuna kilichoharibika. Ila kutoka kiti cha hakimu hadi aliposimama baba palikuwa na hatua kama kumi, dari liko juu, sakafu ya vigae, madirisha yamefunguliwa upande wa barabara, na feni ikizunguka.

Tulipotoka nje kwenye ngazi nilimuuliza, "Baba, mbona ulijibu bila kusikia?"

"Nilikuwa nimeshamwomba arudie mara mbili," akaniambia. "Mtu mzima haombi mara ya tatu mbele ya watu."

Neno hilo moja liliigharimu familia yetu miezi mitano ya kuahirishiwa kesi, nauli, ada ya wakili, na wiki kadhaa ambazo shangazi hakupokea simu ya kaka yake. Nimelitafakari sana tangu hapo, na nimefikia msimamo ninaotaka kuutetea hapa: katika majengo ya umma ya mji huu tunamdai asiyesikia vizuri afanye kazi ambayo ni ya jengo. Tukishampa kifaa cha kusikia, tunadhani deni limelipwa. Kumbe kifaa ni nusu. Nusu ya pili ni ya ukumbi, na ukumbi haujalipa chochote.

Baba alifua mabati Kamukunji, soko la mafundi wa jua kali hapa Nairobi, kwa miaka 31. Masanduku ya shule, karai, majiko. Aliyewahi kupita pale anazijua zile nyundo, mamia kwa pamoja, toka asubuhi hadi magharibi. Kanuni za kudhibiti kelele mahali pa kazi zilipokuja mwaka 2005, zikiweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane, masikio yake yalikuwa yameshaumia. Kelele za namna hiyo haziui usikivu wote kwa mara moja. Huanza na vile vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti nyembamba, hasa karibu na hezi 4,000, na kuviacha vile vya sauti nzito vikiwa hai. Ndiyo maana watu hawa husema, "Nakusikia, lakini sielewi unachosema." Wanasema kweli. Baba anasikia kwamba mtu anaongea, anasikia ni mwanamke au mwanamume, anasikia hata kama amekasirika. Kinachompotea ni konsonanti.

Na katika Kiswahili hasara hiyo ni kubwa kuliko tunavyodhani. Chukua fika, pika, shika na zika. Maneno manne, irabu zilezile kwa mpangilio uleule, mdundo uleule. Kinachomtenganisha anayefika na anayezikwa ni sauti moja ya mwanzo, na mara nyingi ni sauti hafifu, pumzi tu inayopita kwenye meno au midomo. Baba aliniambia baadaye kwamba yeye alisikia "unaunga". Sikushangaa. Kati ya "unapinga" na "unaunga" kuna p moja, ambayo ni mlipuko mdogo wa midomo, kisha kuna i badala ya u. Irabu hizo mbili zinafanana sana katika sehemu yao nzito. Kinachozitofautisha ni sehemu nyembamba ya juu, na hiyo hasa ndiyo iliyobaki Kamukunji. Baba hakubahatisha kizembe. Alilijenga swali upya kwa vipande alivyopewa na chumba kile, akalijibu kwa ukweli.

Sasa, si ana mashine? Ndilo swali ninaloulizwa kila ninaposimulia kisa hiki, na ndipo penye kiini cha jambo. Kifaa cha kusikia kina maikrofoni ndogo, na maikrofoni hiyo iko sikioni mwa msikilizaji, haiko mdomoni mwa msemaji. Kwa hiyo inachukua sauti baada ya kusafiri, ikiwa imeshachoka na kuchanganyika na kila kitu njiani. Umbali ukiongezeka maradufu kwenye uwazi, sauti ya msemaji hupungua kwa desibeli 6 hivi. Lakini kelele na mwangwi vimejaa chumba kizima, havipungui kwa kuwa umekaa nyuma. Mwenye masikio mazima anaweza kufuata maneno hata kelele ikikaribia kulingana na sauti ya msemaji. Mtu kama baba anahitaji sauti iizidi kelele kwa desibeli 15 hivi, au zaidi. Kifaa kikiongeza sauti, kinaongeza na feni, na barabara, na viti vinavyoburutwa. Vifaa vya kisasa hujitahidi kuchuja, na katika mazungumzo ya watu wawili mezani hufanya kazi nzuri mno. Mita mbili, tatu. Zaidi ya hapo, kwenye ukumbi wa vigae na kioo, hata kifaa cha bei ya gari kinashindwa.

Hapa niseme jambo kuhusu lugha yetu, kwa sababu naamini linachangia. Katika Kiswahili kusikia na kutii vimekaa nyumba moja. "Mtoto huyu hasikii" maana yake ni mkaidi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikio la kufa halisikii dawa. Tumelelewa na misemo hii, na sina ugomvi nayo mahali pake. Lakini imetuzoesha kuliona kosa la kutosikia kuwa liko kwa asiyesikia, siku zote. Karani anayeita jina mara tatu bila kuitikiwa haanzi kwa kujiuliza kama sauti yake inafika. Anaanza kwa kukasirika. Muuguzi anayeita majina akiwa mlangoni, huku foleni imejaa watoto wanaolia, akiona mama mzee hasimami anampita na kuita anayefuata. Mama yule atakaa hapo hadi saa nane mchana, kisha aambiwe, "Tulikuita." Ni kweli walimwita.

Sasa kuhusu dawa yenyewe, ambayo si ngeni hata kidogo. Mwaka 1937, nchini Uingereza, Joseph Poliakoff alipata hataza ya mfumo ambao leo huitwa lupu. Ni waya wa shaba unaozungushwa chumbani, chini ya zulia au kando ya kuta, ukaunganishwa na amplifaya. Msemaji anaongea kwenye maikrofoni. Mkondo wa umeme unaopita kwenye waya unapanda na kushuka kwa kufuata sauti yake. Waya unatengeneza uga wa sumaku unaocheza vilevile. Ndani ya vifaa vingi vya kusikia kuna kijikoili cha waya mwembamba, telikoili, ambacho hapo mwanzo kiliwekwa ili mtu aweze kusikia simu. Kijikoili hicho kinaudaka uga ule na kuugeuza kuwa sauti tena. Mvaaji anabonyeza kitufe tu, anahamia kwenye programu ya T, na maikrofoni ya kifaa inazimwa. Feni imetoweka. Barabara imetoweka. Mwangwi umetoweka. Sauti ya msemaji, aliye hatua kumi mbele, inamfikia kana kwamba anamnong'oneza.

Hakuna kifaa cha kuazima, hakuna simu ya kuunganisha, hakuna kuacha kitambulisho mapokezi. Mzee anaingia na masikio yake, anakaa, anasikia. Hakuna anayejua isipokuwa yeye.

Nilipojifunza haya nilimrudisha baba kwenye kliniki aliyonunulia vifaa vyake. Kijana aliyetuhudumia alivifungua kwenye kompyuta, akasema ndiyo, vina telikoili, vyote viwili. Miaka mitatu baba alikuwa ameibeba sikioni ikiwa imezimwa. "Huwa hatuiwashi," kijana akasema kwa heshima, "kwa sababu hapa Nairobi hakuna pa kuitumia." Wiki iliyofuata nikaongea na msimamizi wa ukumbi mmoja mkubwa wa mikutano. Naye akaniambia hawajafikiria kuweka lupu kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kuiulizia. Kila mmoja yuko ukingoni anamngoja mwenzake avuke mto kwanza. Wa kuvuka ni nani? Kwa maoni yangu ni ukumbi. Mtu mmoja akiwasha telikoili yake, Nairobi haibadiliki. Ukumbi mmoja ukiweka lupu, kila kliniki jirani ina sababu ya kuiwasha telikoili ya kila anayepita mlangoni.

Kanisa letu ndilo lililovuka. Si kanisa tajiri. Lina kuta za mawe na paa la mabati. Fundi wetu wa sauti, kijana asiyeogopa waya, alikubali tujaribu safu tano za mbele upande wa kushoto. Tulijifunza mambo ambayo ningependa kila anayefikiria kazi hii ayajue. La kwanza, amplifaya ya kawaida ya spika si ya kazi hii. Ipo maalumu, inayosukuma mkondo kwenye waya, na tuliinunua kwa mchango wa wiki sita. La pili, waya ukishalazwa, tulisikia mngurumo mzito usiokoma. Ulikuwa umeme wenyewe, hezi 50, kwa sababu nyaya za jengo zilikuwa zimefungwa vibaya miaka mingi iliyopita, nyutro (waya unaorudisha umeme) na athi (waya wa ardhini) zikakutana mahali zisipopaswa. Fundi wa umeme alimaliza siku nzima akitafuta. Mngurumo ukaisha, na nadhani pia tuliondoa hatari ambayo hatukujua tunaishi nayo. La tatu, kipimo kipo: viwango vya kimataifa vinataka uga ufikie miliampea 400 kwa mita sauti inapokuwa juu kabisa, na ufike sawasawa kila kiti. Si jambo la kukisia kwa kusema "inaonekana inafanya kazi."

Jumapili ya kwanza walikaa pale watu watatu: baba, mwalimu mstaafu, na mama mmoja anayeuza mboga sokoni ambaye vifaa vyake alipewa na wafadhili, vikubwa vya nyuma ya sikio, vya zamani. Vyake ndivyo vilivyofanya kazi vizuri kuliko vyote. Baba aliniegemea katikati ya mahubiri akauliza, "Huyu mchungaji ana mafua?" Alikuwa nayo. Mimi mwenye masikio mazima sikuwa nimegundua.

Lakini kilichonibadilisha kabisa kilitokea mwezi uliofuata, katika mvua za Aprili. Anayeabudu chini ya mabati anajua: mvua ikishuka kwa nguvu, ibada husimama, maana spika haziwezi kuishinda. Siku hiyo ilishuka hivyo. Mchungaji aliendelea kidogo, maiki ikiwa karibu kugusa midomo, kisha akaona watu wanatazamana, akanyamaza. Mama muuza mboga akainua mkono. "Endelea tu, mchungaji," akasema kwa sauti kubwa, "sisi tunasikia." Kanisa zima, watu wenye masikio mazima, tulikuwa tumefunikwa na mvua, na waliokuwa wanasikia neno ni wale watatu. Mvua ile haikuwa imewaponya masikio. Ilitushusha sisi wengine hadi pale wanapoishi wao kila siku, kwenye chumba kisichopitisha sauti, na ikaonyesha kwamba njia ikiwekwa, sauti inapita.

Najua kuna mifumo mingine na sitaki kumfungia mtu kwenye mmoja. Ipo ya redio, ambapo mtu huvaa kipokezi kidogo shingoni; inafaa kwa makundi yanayotembea, wageni kwenye makumbusho kwa mfano. Udhaifu wake ni kwamba vipokezi vinahitaji kuchajiwa, kusafishwa, kuazimwa na kurudishwa, na mtu kama baba hatakwenda mapokezi kuomba. Ipo ya infraredi, inayotumia miale isiyoonekana. Miale hiyo haipiti ukutani, kwa hivyo inafaa pale panapohitaji siri, kama mashauri ya watoto au ya faragha mahakamani, ingawa jua likiingia moja kwa moja inasumbuka. Lupu nayo ina shida zake: nondo nyingi kwenye zege la maghorofa yetu huumeza uga wa sumaku, na vyumba viwili vilivyopakana vinaweza kuvujishiana sauti kama mchoro haukufanywa na anayejua. Si kila ukumbi unafaa kwa kila mfumo.

Kisha kuna Auracast, ambayo wapenzi wa teknolojia wananiambia niingoje. Shirika linalosimamia Bluetooth liliitangaza mwaka 2022. Kisambazaji kimoja kinarusha sauti ukumbini, na yeyote mwenye kifaa kinachoielewa anajiunga, kama mtu anavyochagua idhaa kwenye redio. Naipenda. Naipenda hasa kwa mji kama huu, kwa sababu ukumbi mmoja unaweza kurusha idhaa kadhaa kwa pamoja: Kiswahili hapa, Kiingereza pale, na mkalimani wa Kisomali kwenye idhaa ya tatu kama mkutano uko Eastleigh. Pia itawafaa wasio na kifaa cha kusikia kabisa, wanaotumia visikizio vya simu tu.

Ninachokataa ni neno "ngoja". Vifaa vinavyoelewa Auracast ni vipya, na vifaa vya zamani kwa kawaida haviwezi kufundishwa lugha hiyo. Hapa Nairobi kifaa kimoja cha kusikia kinagharimu makumi hadi mamia ya maelfu ya shilingi, mtu akinunua anakaa nacho hadi kife, na wengi huvaa vilivyotoka kwa wafadhili au kurithiwa kwa jamaa. Mama muuza mboga hatakuwa na Auracast mwaka huu wala ujao. Telikoili anayo leo. Anayejenga ukumbi mpya na aweke vyote viwili, kwa sababu vinalishwa na maiki ileile. Lakini kumwambia mtu wa miaka 76 kwamba teknolojia nzuri inakuja ni kumwahidi mvua baada ya mavuno.

Sheria inasemaje? Inasema vizuri. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote, usafiri wa umma na habari, na haki ya kupata vifaa vya kushinda vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Kifungu cha 50 cha Katiba kinalinda haki ya kila mtu kusikilizwa bila upendeleo mahakamani. Nilikisoma tena baada ya siku ile ya baba. Kusikilizwa. Nikajiuliza mtu atasikilizwaje kwa swali ambalo halikumfikia.

Tatizo naliona katika picha tuliyokuwa nayo vichwani tulipotunga sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, ilipozungumzia mazingira yasiyo na vizuizi, ilitaja majengo, barabara, na vifaa saidizi vya kurahisisha mwendo. Mwendo. Tulimwona mtu kwenye kiti cha magurudumu, na ni haki tulimwona, kwa sababu alikuwa amesahauliwa muda mrefu. Hatukumwona mzee aliyepanda ngazi kwa miguu yake mwenyewe, akafika mbele ya hakimu, na ndipo akakutana na ukuta. Sheria mpya ya 2025 imechukua nafasi ya ile, na kanuni na zabuni zitakazoifuata ndizo zitakazoamua kama safari hii tumemwona.

Na tunapokumbuka masikio, tunakumbuka lugha ya ishara. Hapa nataka nieleweke sawasawa. Lugha ya Ishara ya Kenya ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge chini ya Kifungu cha 120, na jamii ya viziwi imeipigania kwa jasho; wakalimani hawatoshi na wanapaswa kuongezwa, si kupunguzwa. Lakini baba hajui ishara hata moja. Alizaliwa anasikia, akaongea miaka 60, akapoteza usikivu polepole. Mkalimani kwenye kona ya skrini hamsaidii, wala fundi mabati wa miaka 76 hatajifunza lugha mpya ili aulizwe swali la mirathi. Ni watu wawili tofauti wenye mahitaji mawili tofauti, na kumhudumia mmoja si kumhudumia mwingine.

Ni wangapi walio kama baba? Sensa ya 2019 ilihesabu watu takribani 153,000 wa umri wa miaka mitano na zaidi wenye ulemavu wa kusikia nchini Kenya. Nambari hiyo inawahesabu waliosema wana ugumu mkubwa au hawasikii kabisa. Baba hayumo. Karani wa sensa alipokuja nyumbani, alimuuliza akiwa sebuleni, mita moja mbele yake, televisheni imezimwa. Baba alisikia kila neno, akajibu hana shida. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2021, linakadiria watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana upungufu fulani wa usikivu, na milioni 430 kati yao wanahitaji huduma. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili za dunia ndiyo inayonishughulisha, kwa sababu humo ndimo walimojaa wanaosikia vizuri sebuleni na kupotea ukumbini.

Ningeulizwa nianze wapi Nairobi, nisingeanza na kumbi za kifahari. Ningeanza na kaunta zenye kioo. Benki, hospitali, ofisi za ardhi, stesheni, posta. Kioo kinazuia sauti, na tangu 2020 tumeongeza vioo na plastiki kila mahali. Lupu ya kaunta ni kidude kidogo chenye maiki upande wa karani na kibao chini ya meza. Kinafika kama mita moja, yaani mtu aliye mbele ya dirisha tu. Bei yake inakaribiana na ya simu ya wastani. Kwenye kaunta ndiko mtu hutaja nambari ya kitambulisho, kiasi cha pesa, jina la ugonjwa wake. Leo, karani akiona mteja hasikii, anapaza sauti, na benchi zima linajua ugonjwa wa mama wa watu.

Baada ya kaunta, mahakama. Chumba kimoja katika kila kituo kingetosha kuanzia, na kesi yenye mhusika asiyesikia vizuri ihamishiwe humo. Teksi nyeusi za London zina lupu kati ya dereva na abiria. Teksi! Sioni kwa nini chumba ambacho mtu anaweza kupokonywa ardhi au uhuru wake kiwe na huduma duni kuliko kiti cha nyuma cha gari.

Kuna la kufanya lisilogharimu senti. Tutumie maikrofoni. Nimehudhuria mikutano mingi ya ushiriki wa umma katika mitaa ya mji huu, na hakuna unaokwisha bila mheshimiwa mmoja kuisukuma maiki kando na kusema, "Nina sauti kubwa, mnanisikia wote." Wenye masikio mazima hucheka na kupiga makofi. Lakini lupu, redio, Auracast, vyote hula kinachoingia kwenye maiki tu. Maswali kutoka kwa umati yakiulizwa bila maiki, mwenye kifaa anasikia majibu ya maswali asiyoyajua. Mwenyekiti akirudia swali kabla ya kulijibu, amefanya kazi ya mashine ghali.

Na lupu ikishawekwa, iwe na alama ukutani, ile ya sikio lenye herufi T, na awepo mtu mwenye jina ambaye kazi yake ni kuhakikisha imewashwa. Hata Uingereza, ambako zimeenea, watumiaji wanalalamika kwamba hukuta alama ipo na waya umelala. Anayeipokea kazi kutoka kwa mkandarasi asiwe mhandisi peke yake. Awe mtu anayevaa kifaa, akae kila kona ya ukumbi, aseme anasikia au hasikii, na malipo ya mwisho yangoje neno lake.

Kesi yetu iliitwa tena mwezi wa tano. Wakili alisimama akaeleza hali ya baba, na hakimu, mwanamke mpole, akasikitika kwamba hakuambiwa mapema. Akamwambia baba asogee. Karani aliinuka akamwachia kiti chake, mita moja kutoka kwa hakimu, na feni ikazimwa.

"Mzee, unalipinga ombi hili?"

"La, Mheshimiwa. Silipingi. Ni dada yangu."

Shangazi alilia. Tukainama, tukatoka, na karani akarudi kwenye kiti chake na kuiwasha feni. Nikiwa mlangoni nilisikia kesi iliyofuata ikiitwa. Kwenye benchi la nyuma kabisa mama mmoja wa makamo ya bibi yangu aliweka kiganja nyuma ya sikio, akainama mbele, akamtazama binti aliye kando yake amwambie kama ni yeye.